Saratani ya tezi dume: Jinsi dawa za homoni zinavyoidhibiti

SARATANI ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya kuliko aina nyingine yoyote ya saratani. Mjini Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hupokea wagonjwa wa maradhi haya kutoka maeneo ya Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi.

Mji huo umekuwa na sajili ya wagonjwa wa saratani tangu mwaka wa 1999. Nao mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka wa 2001 kukabiliana na Ukimwi, ulipanuliwa baadaye ili kuhudumia pia wagonjwa wa saratani.

Mara nyingi mgonjwa hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kuenea hadi kwenye mifupa. Katika hatua hiyo, kuiondoa tezi yenyewe hakutoshi. Daktari humpa mgonjwa chaguo ambalo huzua hofu nyumbani: kudungwa sindano za homoni kwa muda mrefu, au kuondolewa korodani kwa upasuaji. Ili kuamua vyema, yafaa mgonjwa na jamaa zake waelewe kinachotendeka mwilini.

Kazi ya homoni

Tezi dume huwa chini ya kibofu na huuzunguka mrija wa mkojo. Seli zake hukua kwa kuchochewa na testosteroni, homoni ya kiume. Zaidi ya asilimia 90 ya homoni hiyo hutengenezwa katika korodani, na sehemu ndogo hutokana na tezi zilizo juu ya figo.

Amri hutoka ubongoni. Sehemu iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwa tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamuru korodani zitengeneze testosteroni. Homoni hiyo ikiingia katika seli ya tezi dume hugeuzwa kuwa ya aina yenye nguvu zaidi, kisha hujishikiza kwenye kipokezi chake. Kipokezi hicho huingia ndani ya kiini cha seli na kuziamsha jeni zinazoiambia seli iishi na kugawanyika.

Miongoni mwa jeni hizo mna ile inayotengeneza protini ya PSA. Ndiyo sababu kipimo cha PSA katika damu humwonyesha daktari iwapo matibabu yanafaulu.

Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka wa 1941 na Charles Huggins, daktari wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Alionyesha kwamba mgonjwa akipunguziwa homoni za kiume, saratani iliyoenea hunywea. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966.

Njia za kuikatia saratani homoni

Upasuaji wa kuondoa korodani huishusha testosteroni katika muda wa saa chache. Hufanywa mara moja tu, na mgonjwa halazimiki kurejea hospitalini kila mara kwa ajili ya sindano. Hata hivyo, hauwezi kutanguliwa.

Sindano kama vile goserelini na leuprorelini huiga ishara ya haipothalamasi. Kwa kawaida ishara hiyo hufika kwa vipindi, lakini dawa huituma mfululizo. Mwanzoni pituitari huchangamka na testosteroni hupanda. Baada ya wiki tatu au nne hivi, pituitari huacha kuitikia na homoni hushuka hadi kiwango sawa na cha aliyeondolewa korodani.

Kupanda huko kwa mwanzo kunaweza kuzidisha maumivu ya mifupa. Kwa hivyo madaktari hutanguliza vidonge kama bikalutamidi, ambavyo hukalia nafasi ya homoni kwenye kipokezi, mithili ya ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini usiweze kuifungua. Sindano ya degareliksi huizuia pituitari moja kwa moja, bila ya homoni kupanda kwanza.

Katika kuishusha testosteroni, sindano na upasuaji hulingana. Tofauti iko katika gharama, safari za hospitalini na moyo wa mgonjwa mwenyewe. Aliyechagua sindano kisha akakosa nauli au fedha za dozi inayofuata, huenda homoni ikarejea na saratani ikaamka.

Saratani inapozoea

Matibabu haya huidhibiti saratani iliyoenea, hayaiponyi kabisa. Baada ya muda, baadhi ya seli huongeza idadi ya vipokezi, hubadilisha umbo la vipokezi hivyo, au hujitengenezea homoni zenyewe.

Kwa ajili hiyo zilibuniwa dawa mpya. Abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2011, huzuia kutengenezwa kwa homoni katika korodani, katika tezi za juu ya figo na ndani ya uvimbe wenyewe. Humezwa pamoja na predinisoloni. Enzalutamidi, iliyoidhinishwa mwaka wa 2012, hukifunga kipokezi na kukizuia kuingia katika kiini cha seli. Shirika la Afya Duniani liliiweka abirateroni katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2019.

Madhara na tahadhari

Mwili uliopungukiwa na testosteroni hubadilika. Mgonjwa anaweza kuhisi joto la ghafla, kuchoka, kupoteza hamu na nguvu za unyumba, kunenepa na kupungukiwa na misuli. Mifupa huweza kudhoofika, na hatari ya kisukari huongezeka. Mazoezi ya mwili husaidia, na inafaa mke ahusishwe katika mazungumzo na daktari tangu mwanzo.

Kupungua kwa maumivu si ishara ya kupona, na mgonjwa asiache dawa bila ya ushauri wa daktari. Akipatwa na ganzi au udhaifu wa ghafla miguuni, au mkojo ukiziba, apelekwe hospitalini mara moja, kwani huenda saratani inaubana uti wa mgongo na kuchelewa kukamfanya apooze.