Mkulima wa Korosho Mtwara: Jinsi Anavyoipima na Kujifunza Teknolojia

Kuanzia mwezi Juni, mikorosho ya Mkoa wa Mtwara inapoanza kuchanua, milio ya mashine za kupulizia salfa husikika alfajiri, kuanzia vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma hadi uwanda wa Makonde, katika wilaya za Newala na Tandahimba. Leo jambo hilo ni la kawaida, lakini halikuenea kwa amri wala kwa siku moja. Historia yake inaonesha namna mkulima mdogo anavyoipima teknolojia kabla ya kuikubali.

Anguko lililofungua njia

Katika msimu wa 1973/74, Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87, uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Bei ndogo iliwavunja moyo wakulima, na Operesheni Vijiji iliwaweka wengi wao mbali na mashamba yao. Kisha ukaongezeka ugonjwa wa ubwiri unga, ambao uliripotiwa nchini mwaka 1979. Ugonjwa huo hufunika majani machanga na maua kwa unga mweupe wa kijivu, na maua yaliyoshambuliwa hukauka bila kuzaa.

Watafiti wa Kituo cha Naliendele, kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara na ambacho sasa kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), walipendekeza unga wa salfa. Sambamba na hilo, walizalisha aina bora za mikorosho na kueneza ufundi wa kubebesha miche. Katika msimu wa 2017/18, uzalishaji wa nchi ulizidi tani 313,000.

Mkulima anapima nini?

Kipimo cha kwanza ni kile kinachoonekana shambani, na hapo ndipo salfa ilipo na ugumu wake. Salfa hukinga ua. Haiwezi kulifufua lililokwisha kuungua. Anayesubiri aone unga mweupe umetanda ndipo apulizie, huwa amechelewa, na anaweza kuhitimisha kwamba dawa haifai. Kwa sababu hiyo, somo linaloeleweka upesi ni la mikorosho miwili iliyo jirani, mmoja umepuliziwa kwa wakati na mwingine haukupuliziwa. Wakati wa mavuno, tofauti hujieleza yenyewe.

Kipimo cha pili ni gharama na mazingira. Viuatilifu vya maji huhitaji maji mengi ya kuchanganyia, ilhali katika uwanda wa Makonde maji ni ya shida. Salfa ya unga haihitaji maji, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupokelewa kwake. Hata hivyo, huhitaji mashine na mafuta, gharama ambazo mkulima hulazimika kuzibeba miezi kadhaa kabla ya kuuza korosho.

Kipimo cha tatu ni madhara. Utafiti uliofanyika kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulibaini kuwa salfa huongeza asidi katika udongo. Kwa mkulima anayepanda mihogo, karanga au kunde chini ya mikorosho yake, hilo si jambo dogo, kwani linagusa chakula cha kaya.

Anajifunza wapi?

Maafisa ugani, mashamba darasa, redio, vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na maonesho ya Nanenane, ambayo kwa Kanda ya Kusini hufanyika katika viwanja vya Ngongo mkoani Lindi, vyote vina nafasi yake. Hata hivyo, jirani hubaki kuwa mwalimu wa karibu zaidi, kwa kuwa shamba lake huonekana kila siku na hasara yake haifichiki.

Ujirani huo una uzito mwingine. Vimelea vya ubwiri unga husafirishwa na upepo, hivyo shamba lililotelekezwa huwa chanzo cha maambukizi kwa mashamba yanayolizunguka. Elimu ya mkulima mmoja haitoshi; inapaswa kuwa ya kijiji kizima.

Mambo ya kuzingatia

• Kupogoa mikorosho na kuondoa machipukizi ya ndani kabla ya msimu wa maua. Vimelea hujificha humo, na kazi hiyo haihitaji kiuatilifu.
• Kukagua maua mara kwa mara na kuanza kupulizia mapema, kwa kufuata kipimo kinachotolewa na afisa ugani.
• Kupulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado juani haujaukausha, ili unga ushike kwenye maua.
• Kuvaa barakoa, miwani na glavu, na kuwaweka watoto mbali na eneo la kazi.
• Kupima afya ya udongo, hususan pale mazao ya chakula yanapopandwa chini ya mikorosho.

Mkulima anayeuliza maswali kabla ya kupokea teknolojia mpya hapaswi kuhesabiwa kuwa mkaidi. Anailinda akiba ya mwaka mzima, na jibu analostahili ni lile analoweza kulihakiki katika shamba lake mwenyewe.