Magari Saba na Mlima wa Newala

Mwaka 1968, wiki chache kabla ya Pasaka, mjomba wangu alitumia siku tatu kutoka Masasi hadi Newala. Kwenye ramani huo ni mwendo wa kilomita kama 70, na wakati wa kiangazi lori lake, Bedford la tani saba, liliumaliza kwa asubuhi moja na mapumziko ya chai. Masika yale yalikuwa mengine. Alilala usiku wa kwanza bondeni akisubiri maji yapungue, na usiku wa pili katikati ya mlima, magurudumu ya nyuma yamezama na utingo wake amejilaza chini ya turubai juu ya magunia ya sukari. Siku ya tatu alasiri akaingia Newala. Hakuna gunia lililolowa. Tajiri wake, ambaye sitamtaja, alifungua daftari, akahesabu siku, akamwambia kwamba dereva mvivu hana nafasi kwake.

Majuma machache baadaye redio ilitangaza matokeo ya mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Magari 93 yalikuwa yameondoka. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mtangazaji alisema maneno makubwa juu ya wale saba, na wazee pale barazani wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na hao wengine themanini na sita wamefukuzwa kazi?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, nikiwa kijana wa shule. Lakini swali lile halikunitoka, na ndilo lililonifanya baadaye niifuatilie historia ya mashindano hayo kuliko inavyomfaa mwalimu wa Kiswahili.

Msomaji asiyetoka kusini huenda asielewe mlima ninaousema. Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, ukingoni kabisa, mahali ambapo mtu akisimama penye Shimo la Mungu huliona bonde likididimia chini yake na nchi ikienda hadi upande wa Ruvuma. Masasi iko chini, katikati ya yale majabali makubwa ya mawe. Juu uwandani udongo ni mchanga, mvua hunyweka mara moja, na ndiyo sababu mama zetu walishuka mteremko kufuata maji kabla ya mabomba, na hata baada ya mabomba yalipokauka. Mabondeni ni tope. Kati ya mchanga na tope pana kupanda, na katika kupanda huko dereva hupimwa.

Palikuwa na reli. Mpango wa Karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulileta Nachingwea matrekta, malori yaliyotoka vitani na njia ya reli kutoka bandari mpya ya Mtwara. Karanga hazikukubali, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni watu waliojifunza usukani. Mjomba alikuwa mmoja wao. Alianza kwa kubeba gogo la kukingia gurudumu, akaishia kwenye kiti cha dereva. Reli ilipoondoka, korosho zetu zote, chumvi yetu, nguo na mafuta ya taa vilitegemea watu wa namna yake. Na masika kivuko cha Rufiji kiliposimama, kusini yote ilikuwa kisiwa.

Sasa nirudi kwenye mashindano. Yalianza mwaka 1953, mwishoni mwa Mei, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kinachonivutia katika miaka ile ya mwanzo ni kanuni yake. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake, si kwa ukubwa wa injini. Yaani swali lililoulizwa ni lile lile ambalo mfanyabiashara wa Masasi angeliuliza: kwa fedha hii niliyo nayo, gari lipi litanifikisha? Majibu yalisikika. Volkswagen, gari dogo lenye umbo la kobe, lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Kisha ikaja zamu ya Peugeot 404: 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka miwili kati ya hiyo ilishindwa na mtu wa Dar es Salaam, Bert Shankland, Mskoti aliyefanya kazi katika duka lililouza Peugeot hizo hizo. Basi usishangae kwamba kwa miaka mingi baadaye, ukisimama kando ya barabara yoyote ya Afrika Mashariki, gari lililokusimamia likiwa limejaza watu na kuku lilikuwa Peugeot.

Wamarekani wana mchezo unaofanana na huu kwa asili yake. Chama chao, NASCAR, kiliundwa mwaka 1948 kushindanisha magari ya dukani, ingawa siku hizi magari hayo ni ya dukani kwa jina na sura tu. Kwao mashabiki huanza kufika kabla ya siku ya mbio, kwa sababu kila gari kwanza huzungushwa uwanjani peke yake likishindana na saa, na saa hiyo ndiyo hupanga nani ataanza mbele na nani nyuma. Wapo wanaopenda siku hiyo kuliko mbio zenyewe. Nawaelewa. Mimi pia, katika Safari, siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kabla ya kuondoka.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1972. Mwaka huo mashindano yalianzia na kumalizikia Dar es Salaam. Mimi nilikuwa chuoni, na mjomba naye alikuwa amehamia mjini akiendesha lori la mizigo ya bandarini, akipanga chumba Temeke pamoja na watu wengine wa kwetu. Nilikwenda kumwamkia, nikamkuta amevaa shati lake la Idi. "Twende tukawaone hao watu saba," akasema, ingawa miaka minne ilikuwa imepita.

Tuliyakuta magari yakikaguliwa. Kamba ilikuwa imefungwa kutuzuia, na askari mmoja akitembea mbele yetu kama mwenye nyumba. Mjomba hakutazama rangi wala maandishi ya matangazo yaliyowapendeza vijana. Alichuchumaa. Alitaka kuona chini. Alihesabu springi, akaangalia bamba la chuma lililokinga injini, akanionyesha namna mabomba yalivyopandishwa juu yasigongwe na mawe. Wakaguzi walitia alama kwenye sehemu fulani za gari ili zisije zikabadilishwa njiani, na jambo hilo lilimpendeza sana. "Hapo wamefanya vema," akasema. "Mtu atakuja na injini aliyoondoka nayo."

Lakini tulipofika kwenye Ford Escort za timu iliyotoka Uingereza, aliinuka, akapangusa magoti. "Hili halikununuliwa dukani," akasema. Alikuwa sahihi. Ile kanuni ya 1953 ilikuwa imekwisha kulegea. Viwanda vikubwa vilikuwa vimegundua kwamba ushindi katika Safari huuza magari dunia nzima, na sasa vilileta magari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na mafundi wa kuyasubiri njiani na vipuri. Hata hivyo mpaka mwaka huo hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyekuwa amewahi kushinda. Wenyeji, maana yake Wazungu na Waasia waliokaa huku, walijua tope.

Magari yalipoanza kuondoka tulikuwa kando ya barabara ya kutokea mjini, tumesimama tangu mapema. Yaliachwa moja baada ya jingine, kwa kupishana dakika. Nilidhani utaratibu ule ni wa kupendezesha watu tu. Mjomba alinieleza. Aliye mbele hapati vumbi, na mvua ikiwa bado, anaikuta njia nzima. Aliye nyuma anakula vumbi la wote, na mvua ikishanyesha, anazikuta nyayo za wote zimekwisha kuwa mifereji. "Wa mwisho kabisa," akasema akinyoosha kidole, "huyo ndiye dereva wa lori."

Kisha akaniuliza ushindi unahesabiwaje. Nilikuwa nimesoma gazetini, nikamweleza kwamba kila kituo kina saa yake ya kufika, na kila dakika ya kuchelewa ni alama ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Hakuna anayetazamiwa kufika bila adhabu yoyote. Hilo alinirudisha nyuma nilirudie. "Kwa hiyo waliopanga wanajua kwamba watu watachelewa?" Nikamwambia ndiyo, wanajua, ndiyo maana ya mchezo. Akanyamaza kwa muda mrefu. Magari kama matano yakapita tusiseme neno.

Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, pamoja na mwenzake Gunnar Palm, katika mojawapo ya Escort zile ambazo mjomba alizikataa. Alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuushinda mchezo huu. Nilimpelekea mjomba gazeti Temeke. Aliitazama picha, gari limepakwa tope hadi kioo, akasema kwamba kijana yule ameendesha kweli, tope la namna ile halipakwi kwa mkono. Mjomba hakuwa mtu wa kunyima sifa.

Nimeipitia orodha ya washindi kuanzia mwanzo hadi 1973. Utawakuta Waingereza, Mjerumani Edgar Herrmann aliyekaa Kenya, Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 na Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant, na Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda, ambaye mwaka 1973 alilingana adhabu na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mwafrika mweusi humo hayumo. Sisemi kwamba alizuiwa na kanuni. Alizuiwa na bei ya gari. Mtu aliyejua kulitoa lori la tani saba kwenye tope usiku, kwa jeki na majani ya mnazi, hakuwa na gari lake mwenyewe la kulikwaruza kwa mchezo. Nikisoma vitabu vinavyosifu barabara za Safari kuwa ngumu kuliko zote duniani, huwa najiuliza waandishi walidhani siku zile nyingine mia tatu na sitini za mwaka barabara zile zilipitiwa na nani.

Baada ya hapo mashindano yalituacha. Kuanzia katikati ya miaka ya sabini yalibaki Kenya peke yake, jina likafupishwa kuwa Safari Rally, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Kusini hawakuwa wamepita katika safari zile nilizozisimulia, kwa hiyo sisi hatukupoteza kitu ila redio ya Pasaka. Barabara zetu ziliendelea na mashindano yake. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kivuko kile kilichokuwa kikitulaza kikawa hadithi. Lami ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuja kwa vipande. Kipande cha kwanza kilikuwa kile cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata.

Mjomba hakurudi kusini kuendesha. Alirudi kuzikwa. Katika sanduku lake la bati tulikuta leseni, kofia mbili, na daftari la mistari lenye jalada lililoliwa na mende. Kila ukurasa una safari zake za Newala, tarehe, saa ya kutoka na saa ya kufika, kwa penseli. Nilidhani aliliandika zamani, akiwa kazini. Lakini pembeni pana safu ya tatu iliyoandikwa kwa wino wa buluu, wa kalamu za miaka ya baadaye, yenye tarakimu tu. Ilinichukua muda kutambua. Alikuwa amejipangia saa ya kufika kwa kila safari, kisha akahesabu dakika zake za kuchelewa, moja moja, kama tulivyoelezana siku ile barabarani.

Machi 1968 iko karibu na mwisho. Masasi, saa 12 asubuhi. Newala, siku ya tatu, saa 9 alasiri. Adhabu yake ni tarakimu nne. Chini yake ameandika kwa wino ule ule: "Amefika."