Familia Iliyokodi Forodha

Mwaka 2023 kila mtu alikuwa na maoni kuhusu bandari. Ndani ya vifodi vya kutoka Tengeru kwenda Arusha mjini, kwenye foleni ya chakula chuoni, hata sokoni Jumamosi katikati ya mafungu ya nyanya na mikungu ya ndizi, watu ambao hawajawahi kuiona meli walibishana juu ya gati. Bunge liliridhia mkataba kati ya Tanzania na Dubai tarehe 10 Juni. Tarehe 22 Oktoba mikataba ya utekelezaji ikasainiwa Dodoma, na kampuni ya DP World ikapewa kuendesha gati namba 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Upande mmoja ulisema ufanisi. Upande wa pili ulisema tumeuzwa. Mzee mmoja niliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe unayesoma, hivi bandari inakodishwaje? Ni kama shamba?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko mengi niliyoyasikia redioni, kwa sababu pwani yetu ilikwisha kukodishwa kama shamba. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, forodha ya Zanzibar na bandari zake za bara ilikuwa mikononi mwa familia moja ya wafanyabiashara kutoka Kutch, magharibi mwa India.

Familia hiyo walikuwa Wabhatia, Wahindu wa bandari ya Mundra, ambao watu wa pwani waliwaita Mabanyani. Shivji Topan alikuwa mfanyabiashara wa Muscat kabla ya nyumba yake kuhamishia nguvu Zanzibar. Mwanawe, Jairam Shivji, ndiye aliyeifanya nyumba hiyo kuwa dola ndani ya dola. Sultani Seyyid Said, aliyetawala tangu 1806 hadi 1856, hakuwa na makarani wa kutosha wala jeshi la kukagua kila jahazi kutoka Lamu hadi Kilwa. Alifanya walichofanya watawala wengi wa zama zake: aliuza haki ya kukusanya ushuru.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi. Mkodi anaahidi kumlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, kwa muhula ambao kwa kawaida ulikuwa wa miaka mitano. Anaweka watu wake forodhani, anatoza ushuru, anatunza daftari. Akikusanya zaidi ya alichoahidi, ziada ni yake. Akikusanya pungufu, hasara ni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 kodi ilikuwa karibu dola 150,000 kwa mwaka, dola za fedha zenye picha ya Maria Theresa wa Austria. Kufikia katikati ya miaka ya 1860 ilikuwa imefika 310,000. Hakuna anayepandisha kodi kiasi hicho kwa nyumba isiyomlipa. Biashara ilikuwa inakua, na Jairam alikuwa na daftari la kujua inakua kwa kasi gani.

Ushuru ulikuwa sehemu moja tu ya biashara. Jengo la forodha lenyewe halikuwa la kutisha: Richard Burton, aliyefika Zanzibar mwishoni mwa 1856, alilikuta ni banda duni tu. Lakini kila kitu kilipita hapo: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, shanga, vitambaa vya Marekani ambavyo mpaka leo tunaviita merikani. Aliyeshika banda alikuwa pia na sauti juu ya mahamali na mashua za kupakulia. Mfanyabiashara mgeni aliyegombana na Jairam angeweza kukaa na shehena yake majini akisubiri mikono ambayo haiji.

Wamarekani walilijua hilo mapema. Mkataba wao na Sultani, wa Septemba 1833, uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa wanazoingiza, bila tozo nyingine. Karatasi iliwapa uhuru, lakini bandarini walihitaji rafiki. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, aliyefika 1837 kutoka Salem, alishikana na Jairam, na wawili hao wakaibana biashara ya Wamarekani hadi wafanyabiashara wenzao, Wamarekani na Waingereza, wakapiga kelele. Unaweza kusaini mkataba na mfalme ukasahau kwamba mlango unafunguliwa na mtu mwingine.

Jairam alirudi Kutch mwaka 1853 na kumwachia kazi Ladha Damji, wakala aliyeaminiwa kuliko ndugu. Jairam alifariki 1866, lakini jina lake liliendelea kufanya biashara, kama yanavyofanya majina ya kampuni. Ladha ndiye aliyemsaidia Burton kuandaa msafara wa 1857 kwenda kwenye maziwa makuu. Burton, aliyeelewa lugha yao, aliwasikia Ladha na karani wake wakikadiria kama Mzungu huyu atafika. Karani aliona hawezi kuivuka Ugogo. Ladha huyohuyo alitumiwa baadaye kumpelekea Livingstone mahitaji bara, na Livingstone akalalamika kwamba wapagazi waliotumwa walikuwa watumwa.

Hapo kuna jambo ambalo wapenzi wa hadithi za ujasiriamali hulipitia haraka. Forodha ilitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa aliyepitishwa. Nyumba ya Jairam ilikopesha misafara, na misafara ilileta watu waliofungwa pamoja na pembe. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi aliowahesabu kuwa raia wa Uingereza kuwaachia huru watumwa waliokuwa nao, na walikuwa maelfu. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873. Daftari lililosifiwa kwa usafi wake lilikuwa na mistari ya binadamu kati ya frasila za pembe na gora za vitambaa.

Uhusiano wa haya yote na Tengeru ni wa maji kabisa. Mto unaopita chini ya daraja letu barabarani unateremka kutoka Mlima Meru, unaingia Kikuletwa, unafika Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo unaitwa Pangani mpaka baharini. Misafara ya pembe ilifuata bonde hilohilo, ikitoka mji wa Pangani kuja Kilimanjaro, Arusha na Umasaini. Pangani ilikuwa ndani ya Mrima, ukanda ambao mikataba iliufungia wageni wa Ulaya wasinunue pembe wala sandarusi moja kwa moja. Katika bandari za Mrima alikaa karani wa mkodi na askari wachache, pengine Wabaluchi. Ndovu akiuawa huku kwetu, bei ya pembe yake huku juu ilikuwa imekwisha kukatwa ushuru na mtu ambaye hakuna Mmeru aliyewahi kumwona.

Kilichomfunga Sultani kwa familia ile kilikuwa deni. Kabla kodi haijakusanywa, ikulu ilihitaji fedha: kwa merikebu, kwa vita, kwa arusi. Mkodi alikopesha na kuandika. Baada ya 1861 Zanzibar ilitakiwa pia kuilipa Muscat dola 40,000 kila mwaka, fidia ya mgawanyo wa milki ya Said. Seyyid Barghash aliporithi kiti Oktoba 1870, alirithi na deni kubwa kwa nyumba ya Jairam. Kumfukuza mkodi kulimaanisha kumlipa kwanza, na fedha za kumlipa zilikuwa forodhani, alipokaa yeye mwenyewe. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani.

Barghash alijaribu. Mwaka 1876 alimpa forodha Taria Topan, Mkhoja tajiri aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip. Mwaka 1880 ikarudi kwa nyumba ya Jairam. Mwaka 1886 akaiondoa kwao tena, na safari hii hawakuirudia.

Alikuwa amechelewa. Barghash alikufa Machi 1888. Mwezi uliofuata mrithi wake, Seyyid Khalifa, alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kuendesha pwani na kukusanya ushuru kwa jina la Sultani, kwa miaka 50. Ukiusoma harakaharaka utadhani ni mkataba wa Jairam uliobadilishwa jina la mpangaji. Forodha, jina la Sultani, kodi ya mwaka. Tofauti ilikuwa kwamba mpangaji huyu alikuja na bendera, na nyuma yake kulikuwa na manowari. Agosti 1888 kampuni ilishika bandari. Pangani ikawaka. Bushiri bin Salim alipigana mwaka mzima na zaidi, akanyongwa palepale Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ikaununua ukanda ule moja kwa moja kwa marki milioni 4.

Kutoka hapo walipanda kwa njia ya misafara. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, mwendo mfupi kutoka ninapoandikia. Kisasi kiliongozwa na Kapteni Johannes kutoka Moshi: mifugo ikachukuliwa, nyumba zikachomwa. Boma la Arusha likajengwa miaka michache baadaye kwa nguvu za watu wetu. Ardhi iliyofuata kuchukuliwa ndiyo iliyompeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952, kuwasemea Wameru walioondolewa Ngare Nanyuki.

Sisemi kwamba familia ya Mundra ndiyo iliyowaleta Wajerumani. Jairam hakutaka nchi, alitaka ushuru. Ninachosema ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne ikulu ya Zanzibar ilizoea kuendesha pwani kwa kumkabidhi mtu daftari na kupokea hundi. Alipokuja mpangaji wa aina nyingine, serikali haikuwa na makarani wake, haikuwa na hesabu zake, na haikuwa na mkono bandarini. Fomu ya mkataba ilikuwa tayari mezani. Kilichobaki kilikuwa kujaza jina.

Kwa hiyo, nikijibu swali la mzee yule: ndiyo, bandari inakodishwa kama shamba, na maswali ni yaleyale ambayo mkulima wa Meru angemuuliza mpangaji. Nani anahesabu magunia? Mwenye shamba anakopa kwa nani? Muda ukiisha, anaweza kulima mwenyewe, au amesahau jembe liko wapi? DP World si Jairam, na Tanzania ya leo ina Mamlaka ya Bandari, ina Mamlaka ya Mapato, ina wahasibu aliowakosa Barghash. Hizo ndizo tofauti zinazostahili kulindwa, kwa sababu ndizo alizozikosa yeye. Katika kelele za 2023 nilisikia mengi juu ya rangi na uraia wa mpangaji. Juu ya daftari nilisikia kidogo sana.

Miaka 30 ikihesabiwa kutoka 2023 inaisha 2053. Nitakuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, nikijaliwa. Makarani watakaoipokea bandari siku hiyo, kama itapokelewa, wengine bado hawajazaliwa, na wengine wako darasani sasa hivi.