Semyorka: kombora lililofaa anga kuliko vita

Mei 20, 1954 serikali ya Umoja wa Kisovieti iliamuru kuundwa kwa kombora la kufika Marekani. Kazi alikabidhiwa Sergei Korolev, mhandisi aliyekamatwa na polisi wa Stalin mwaka 1938 na kupelekwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolyma, akaponea chupuchupu. Kombora liliandikishwa kama R-7. Waliolitengeneza walizoea kuliita Semyorka.

Balaa lake lilikuwa uzito. Kwa makadirio ya wanafizikia wa bomu la haidrojeni, akiwamo Andrei Sakharov, kichwa cha nyuklia kingezidi tani 5. Wamarekani walibahatika: mabomu yao yalikuwa yameanza kuwa mepesi, hivyo Atlas, kombora lao la kwanza la kuvuka mabara, halikufika nusu ya uzito wa R-7. Korolev alilazimika kujenga dude la tani 280 hivi: roketi moja katikati, na nyingine 4 zimefungwa ubavuni mwake.

Injini zilikuwa za Valentin Glushko. Kila alipojaribu chemba moja kubwa ya mwako, moto ulitikisika ndani hadi ukaharibu chuma. Akaamua kugawa kazi: injini moja, chemba 4 ndogo. Ukijumlisha injini zote 5, ni chemba 20, na zote huwashwa roketi ikiwa bado chini. Zinawashwaje? Kwa vijiti vya mti. Fundi huingiza kwenye mdomo wa kila chemba kijiti cha mti wa birch chenye fataki inayolipuliwa kwa umeme, na moto wake ndio unaopokea mafuta ya taa na oksijeni, kama mtu anavyowasha jiko kwa kiberiti.

Majaribio yalianza Mei 15, 1957 huko Tyuratam, katika nyika ya Kazakhstan. Roketi moja ya ubavuni ilishika moto na kombora likaanguka. Juni halikuondoka kabisa jukwaani. Julai 12 hitilafu ya umeme ililifanya lijizungushe hadi likasambaratika. Agosti 21 ndipo liliporuka kilomita zipatazo 6,000 hadi Kamchatka, na siku chache baadaye shirika la habari la TASS likautangazia ulimwengu. Lisichosema TASS ni kwamba kichwa cha majaribio kilivunjikavunjika kiliporudi kwenye hewa nzito ya dunia. Roketi ilikuwa imeiva, silaha bado.

Hapo Korolev akaona mwanya. Kichwa cha nyuklia lazima kishuke salama hadi kwenye shabaha. Setilaiti haina haja ya kushuka. Wakati wahandisi wakisuka kichwa kipya, alipata ruhusa ya kurusha tufe la kilo 83.6 lenye redio mbili. Setilaiti aliyoikusudia hasa, ya zaidi ya tani moja, haikuwa tayari. Oktoba 4, 1957 tufe hilo, Sputnik, likapaa. Gazeti la Pravda la kesho yake liliiandika kwa kifupi tu. Wakubwa wa Moscow walishtukia uzito wa jambo hilo baada ya kuona taharuki ya Marekani.

Kivita, R-7 lilikuwa mzigo. Oksijeni yake huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo huwezi kuijaza na kuiacha ikisubiri vita. Maandalizi yalichukua saa nyingi, na majukwaa yake yalikuwa makubwa, ya wazi, tena hayakufika 10. Kufikia 1968 jeshi lilikuwa limeachana nalo.

Lakini mrusha setilaiti hana adui wa kumwahi. Anaweza kujaza oksijeni asubuhi yote, na nguvu iliyokusudiwa kubeba bomu zito anaitumia kubeba binadamu. R-7 liliongezewa hatua nyingine juu, na Aprili 12, 1961 likampandisha Yuri Gagarin. Marekani nayo ilipita njia hiyohiyo: John Glenn alipanda Atlas mwaka 1962, na wanaanga wa mradi wa Gemini wakapanda Titan II, kombora jingine la nyuklia.

Atlas na Titan za enzi hizo zimebaki kwenye majumba ya makumbusho. Ukoo wa R-7 bado unaruka kwa jina la Soyuz. Kuanzia Julai 2011 hadi Mei 2020, hapakuwa na njia nyingine ya kumfikisha mwanaanga, awe Mrusi au Mmarekani, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Na Februari 27, 2019, Soyuz iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ilibeba setilaiti 6 za kwanza za mawasiliano za OneWeb. Moja ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, ikihusishwa na shule ya kisiwa cha Nkombo, Ziwa Kivu.