Gari linachelewa kuondoka? Angalia haya kabla ya kuambiwa giaboksi imekufa

Taa zimewaka kijani. Bodaboda washapita, daladala nyuma inapiga honi, wewe umekanyaga mafuta lakini gari linajivuta kama limefungwa kamba. Likishachanganya, linakwenda vizuri tu.

Hali hii ni hatari, hasa unapoingia barabara kuu ukidhani utawahi nafasi, kumbe gari halina haraka hiyo. Inakula pia hela. Wapo wanaobadilisha giaboksi nzima wakati kilichochoka ni plagi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, angalia mshale wa RPM.

Mshale unasemaje?

Tafuta sehemu tambarare isiyo na magari. Ondoka ukikanyaga mafuta kiasi, kisha linganisha:

1. Mshale unapanda haraka, injini inanguruma, gari haliendi. Nguvu ipo ila haifiki kwenye matairi. Shuku giaboksi, au klachi kama gari lako linayo.

2. Mshale unapanda kwa shida, injini inakosa pumzi au inatetemeka. Shuku injini: hewa, mafuta au moto wa plagi.

3. Injini iko laini lakini gari zito, hata ukiachia mafuta linasimama haraka. Shuku breki.

Baadhi ya Vitz na Passo hazina mshale huu. Hapo tumia sikio, mlio wa injini utakwambia.

Anza na vya bure

Tazama kapeti chini ya pedali ya mafuta. Likijikunja, pedali haifiki mwisho.

Zima AC na kitufe cha ECO, kisha jaribu tena. Kwa injini ya cc 1000, AC peke yake inatosha kulifanya gari lionekane zito wakati wa kuondoka.

Kagua breki. Gari likiwa tambarare, weka N, achia hendibreki, lisukume. Linapaswa kubingirika bila kugoma. Pia baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki ya tairi hilo huenda inashika.

Kama umelitoa gari Dar es Salaam ukalipeleka Mbeya, usishtuke. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Tatizo likiwa kwenye injini

Fungua ea klina. Ikijaa vumbi, injini inakosa hewa. Ni kazi ya dakika chache na kifaa chake ni cha bei nafuu.

Kisha plagi na koili. Zikichoka, injini inatetemeka na kukosa nguvu pale inapobebeshwa mzigo, na kuondoa gari ni mzigo mkubwa.

Sensa ya kupima hewa inayoingia huchafuka pia. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, siyo kwa petroli wala brashi, kwa sababu waya wake ni mwembamba sana.

Shida ikianza mara tu baada ya kujaza mafuta, mwambie fundi akague mafuta hayo. Ikizidi siku hadi siku, apime presha ya pampu na chujio la mafuta.

Usisahau ekzosi. Masega yakiziba, moshi unashindwa kutoka na injini inakabwa.

Taa ya injini ikiwaka, pima kwa mashine kwanza. Kodi P0300 inaonyesha injini inamisi, P0171 ina maana mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kodi inaelekeza pa kutafuta, haisemi moja kwa moja kifaa cha kununua.

Tatizo likiwa kwenye gia

Pima kiwango na hali ya oili ya gia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ndani kuna kilichoanza kulika. Hakikisha pia aina ya oili. Giaboksi ya CVT, iliyopo kwenye Nissan Note na Vitz nyingi za miaka ya karibuni, inahitaji oili yake. Kuweka ya otomatiki ya kawaida kunaweza kuiua.

Kwa otomatiki ya kawaida, jaribu kuondoka ukiwa kwenye L badala ya D. Likiondoka vizuri zaidi kwenye L, huenda kwenye D linaanzia gia kubwa, jambo linalotokea kompyuta ikiilinda giaboksi baada ya kuona hitilafu. Mara nyingine chanzo ni sensa au waya.

Kwa gari lenye klachi, harufu ya kuungua wakati wa kupanda mlima inaweza kumaanisha klachi pleti inaisha.

Ukifika gereji

Usiseme "gari zito" tu. Eleza mshale unafanyaje, tatizo linatokea injini ikiwa baridi au ya moto, na lilianza baada ya kufanya nini. Akikwambia giaboksi imekufa, muulize amepimaje.

Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima ukiwa njiani, punguza mwendo, egesha pembeni na uzime gari. Petroli isiyoungua inaweza kuyachoma masega, na hapo bili itakuwa kubwa kuliko ya plagi.