Kusuma, kuhemea na kikapu kisichorudi kitupu

Majina ya miji aghalabu huhifadhi historia ambayo wenyeji wake wameisahau. Chukua jina la Kisumu. Simulizi zinazojulikana sana katika ukanda wa Ziwa Viktoria hulihusisha jina hili na kitenzi 'kusuma', ambacho Waluhya hukitumia kwa maana ya kwenda kutafuta chakula kwa wenye nacho. Waluo nao husema 'kisuma', pahali pa kubadilishana vitu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuumiza kichwa akitafuta kisawe. Tunacho kitenzi 'hemea', yaani kwenda kununua au kutafuta chakula, hasa wakati wa njaa.

Tuipime vizuri maana hiyo. Anayesuma si ombaomba. Hutoka nyumbani na kitu mkononi, akarudi na kingine. Waluo wa ufuoni walikuwa na samaki na vyungu. Wanandi, Wagusii na Waluhya wa nyanda za juu walikuwa na nafaka na mifugo. Wasamia walisifika kwa majembe ya chuma waliyoyafua wenyewe. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kubuni istilahi nzito kama 'ubadilishanaji wa kitamaduni wa kimataifa', jambo lenyewe lilikuwa likifanyika hapa, tena bila semina wala posho ya safari.

Na penye kubadilishana vitu, maneno hayabaki nyuma. Chumvi ya Waswahili iliingia katika Dholuo ikawa 'chumbi'. Mashua nyingi za wavuvi wa upande wa Kenya huitwa 'sese', jina linaloturudisha kwenye visiwa vya Ssese kule Uganda. Samaki yule mkubwa aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, ambaye Watanzania humwita sangara, Kisumu huitwa 'mbuta', nako Uganda ni 'mputa'. Samaki alivuka na jina lake mdomoni! Lakini yule mdogo wa kuanikwa juani kila ufuo una jina lake: omena Kenya, mukene Uganda, dagaa Tanzania. Ziwa moja, samaki mmoja, majina matatu, na hakuna aliyewahi kukosa mboga kwa sababu hiyo.

Sasa, neno 'kimataifa' liliingiaje hapa? Liliingia kwa kalamu ya wageni. Mikataba ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890 iliukata upande wa kusini wa ziwa. Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ufuoni, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mnamo 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wenyeji hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliowahama. Wasamia wakajikuta pande mbili. Waluo wa Kenya wakatenganishwa na Wajopadhola wa Tororo na ndugu zao wa Rorya. Port Florence lilififia upesi, nalo jina la kuhemea likarudi pahali pake. Mpaka haukufifia.

Hata hivyo, tusiipambe historia kupita kiasi. Kubadilishana kuna masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba kikapu kisirudi kitupu. Jamii iliyolipa gharama ya kulikosa sharti hilo ni Abasuba wa visiwa vya Mfangano na Rusinga na maeneo ya Gwassi na Kaksingri. Mapokeo yao husema wahenga wao walivuka ziwa kutoka Uganda, wengi wao katika karne ya 18, wakikimbia misukosuko ya kisiasa. Walikuja na lugha ya Kibantu. Leo wengi wa wajukuu wao huongea Dholuo, hubeba majina ya Kiluo, na huhesabiwa kuwa Waluo. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mnamo 1969, alitoka katika ukoo wa Kisuba, lakini ni Wakenya wangapi wanaomjua kwa sifa hiyo?

Wanaisimu wawili, Franz Rottland wa Ujerumani na marehemu Prof. Duncan Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliliandikia suala hili katika kitabu kuhusu vifo vya lugha kilichohaririwa na Matthias Brenzinger mnamo 1992. La kutia uchungu ni kwamba Kisuba hakikupigwa vita na mtu. Wanaume wa Kisuba walioa wanawake wa Kiluo, na mtoto hunyonya lugha pamoja na maziwa. Kanisa na shule zikaja na vitabu vya Dholuo. Sokoni, Dholuo ndiyo iliyouza samaki. Kila hatua ilikuwa ya amani, ya ujirani mwema, hata ya mapenzi. Ukijumlisha hatua hizo zote, lugha inamezwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kukutana kwa tamaduni ni heri tupu. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ifufuliwe kwa mkataba wa 1999, tumeandaa tamasha la JAMAFEST, kuanzia Kigali 2013 hadi Dar es Salaam 2019. Kisumu yenyewe ni makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, na Mei 2022 iliwapokea wajumbe wa mkutano wa Africities kutoka pande zote za bara. Mambo haya ni mazuri. Ila jukwaani huonekana kwa urahisi wale ambao tayari ni wakubwa. Nyatiti imefika hadi Japani mikononi mwa mwanamuziki Eriko Mukoyama, anayejiita Anyango, aliyekwenda kujifunza ala hiyo Siaya. Tunamshangilia, na tuna haki. Lakini Kisuba hakihitaji kufika Tokyo. Kinahitaji kwanza kufika kwa mtoto wa Mfangano, kisha kwa jamaa zake walio ng'ambo ya maji.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza Serikali kulinda na kukuza lugha za Wakenya, zikiwemo za kiasili. Umoja wa Mataifa nao umeitenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za kiasili. Maazimio hatukosi. Tunachokosa ni kikapu chenyewe: mwalimu wa Mfangano kukaa muhula mmoja Busoga au Buganda na mwenzake kuja huku, watayarishaji wa redio za pande zote mbili kubadilishana vipindi vya hadithi, methali na nyimbo, makumbusho ya Abasuba yaliyoko Mfangano kupokea wanafunzi kutoka Jinja na Musoma, na si watalii wa michoro ya miambani peke yao. Gharama yake si ya kutisha. Ni nauli ya mashua na nia.

Na sisi wapenzi wa Kiswahili tusikae pembeni tukijidai wasuluhishi. Kiswahili ndicho daraja la wazi kati ya Mfangano, Musoma na Jinja, naam, lakini daraja likipanuliwa ovyo huifunika mito yote chini yake. Dholuo iliimeza lugha ya jirani bila kukusudia. Kiswahili nacho, shuleni na mitandaoni, kinaweza kuimeza Dholuo vivyo hivyo, tena kwa tabasamu. Anayefundisha Kiswahili Kisumu na asijue hata 'kusuma' ni nini, huyo anachukua bila kutoa.

Mfangano kuna redio ya kijamii iitwayo Ekialo Kiona. Kwa Kisuba, maana yake ni 'dunia nzima'. Mganda akiyasikia maneno hayo atatabasamu, kwa sababu kwake 'ekyalo kyonna' ni 'kijiji kizima'. Maneno ni yaleyale, ila safari ya kuvuka ziwa imeyatanua maana. Waliokimbia na kuachwa na kila kitu walikiita kisiwa walichokipata dunia. Itakuwa aibu ikiwa sisi, tunaoimba kila siku kwamba dunia imekuwa kijiji, tutaliacha neno hilo life ilhali wenyewe wako hai.