Kabla ya kifurushi cha Krismasi, Siongiroi walipeana ng'ombe

Desemba ikifika katikati, makanisa ya Siongiroi huanza kukusanya. Waumini huleta unga, sukari, majani chai, mafuta ya kupikia na sabuni, na vijana huvipeleka vifurushi kwa wajane, wazee wanaoishi peke yao na familia zilizouguza mgonjwa mwaka mzima. Ni ukarimu wa kweli, ila sukari ya Krismasi mara nyingi haiuoni Mwaka Mpya.

Wakipsigis wa eneo hili la Chepalungu, kaunti ya Bomet, walikuwa na msaada wa kale zaidi, usiongoja sikukuu. Jirani aliyepungukiwa alipewa ng'ombe wa kukamua.

Desturi hiyo huitwa kimanagan. Mwenye mifugo mingi alimkabidhi jirani, rafiki au shemeji ng'ombe mmoja au zaidi awatunze. Maziwa yalikuwa ya mtunzaji, lakini ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe. Mwenye ng'ombe naye alikuwa na hesabu zake. Mifugo iliyotawanywa katika maboma mengi haikuweza kuswagwa yote na wavamizi usiku mmoja, wala kumalizwa na ugonjwa mmoja. Sotoka ilipoangamiza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, wafugaji wengi walilala matajiri wakaamka maskini. Kutawanya ng'ombe kulikuwa bima ya tajiri, na papo hapo watoto wa jirani wakapata mursik, maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu.

Mursik yenyewe ilifichua hali ya nyumba. Kibuyu, yaani sotet, husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Kisha hupakwa makaa yaliyosagwa ya mti wa senetwet, yanayoyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Maziwa humiminwa, kibuyu hufunikwa, na baada ya siku kadhaa huwa tayari kwa mgeni. Nyumba isiyo na ng'ombe haikuwa na cha kumimina, na mgeni aliyeondoka bila kuonja mursik alikuwa ameshaelewa mambo. Wazee wa kokwet, baraza la ujirani, waliijua hali ya kila boma. Mhitaji hakulazimika kutangaza shida zake.

Krismasi ilikuja baadaye, na njia zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa misheni: Wakatoliki wa Kaplong, na Waprotestanti kutoka Marekani walioanzisha Tenwek, karibu na mji wa Bomet, mwaka 1937. Ya pili ilikuwa mshahara. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, na ajira ya pesa ikaingia katika maisha ya Wakipsigis. Siongiroi iko upande wa chini, wenye joto zaidi, ambako watu hutegemea mahindi na maziwa. Mwenye kazi kwenye chai alirudi nyumbani Desemba na mchele, kitambaa na ngano ya chapati. Asiye na mtu Kericho alionekana pia. Umaskini ukaanza kupimwa kwa vitu vya dukani, na zawadi nazo zikawa za dukani.

Wakati huohuo ardhi ilianza kuzungushiwa ua. Tangu miaka ya 1930 Wakipsigis wengi waligawa malisho yaliyokuwa ya wote ili kila mmoja alime mahindi yake. Baadaye wakaja ng'ombe wa gredi, wanaotaka nyasi za kupandwa, dawa ya kupe na daktari wa mifugo. Mtu mwenye kishamba kidogo hakuweza tena kupokea ng'ombe watatu wa tajiri. Kimanagan ikafifia.

Wazo kama hilo lilikuwa limezaliwa kwingine kabisa. Dan West, mkulima wa Indiana nchini Marekani, aligawa maziwa kwa wahanga wa vita vya Hispania mwishoni mwa miaka ya 1930. Aliona kwamba kikombe kikiisha, mtoto huyohuyo hurudi kesho na njaa ileile, akaamua kuwa familia hizo zingefaidika zaidi kwa kupewa ng'ombe. Mwaka 1944 mitamba 17 ya kwanza ilisafirishwa hadi Puerto Rico, na sharti likawa moja: ndama jike wa kwanza apewe jirani mwenye shida. Shirika lililotokana na wazo hilo, Heifer International, lilianza kazi Kenya mwaka 1981. Msimu wake mkubwa wa michango ni Krismasi, Wamarekani wanapochagua ng'ombe, mbuzi au vifaranga kwenye katalogi na kuwalipia kwa jina la mama au mjukuu.

Ingawa mfanano na kimanagan ni wazi, kuna tofauti kubwa. Aliyepokea ng'ombe wa kimanagan alibaki chini ya mwenye mali, kwa kuwa ndama hakuwa wake. Katika utaratibu wa West, aliyepokea jana ndiye anayetoa kesho, na heshima ya kutoa inamfikia hata mjane mwenye ng'ombe mmoja.

Siongiroi iliingia katika historia hiyo kupitia tangi la maziwa. Shirika la KCC, lililonunua maziwa ya wakulima, lilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1990, wafugaji walibaki mikononi mwa madalali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima walinunua hisa na, kwa msaada wa mashirika ya TechnoServe na Heifer, wakaanzisha kituo cha kupoza maziwa, Siongiroi Dairy Plant. Mfano huo ulienezwa na mradi wa maziwa wa Afrika Mashariki uliozinduliwa 2008 Kenya, Uganda na Rwanda, kwa zaidi ya dola milioni 42 kutoka wakfu wa Gates. Kama katika kimanagan, msaada umeshikana na faida: tangi lisilojaa ni hasara kwa kila mwenye hisa, kwa hiyo ng'ombe wa jirani ni jambo linalokuhusu.

Thamani ya ng'ombe wa maziwa ilidhihirika Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi uliporipotiwa kwa mara ya kwanza Kenya, huko Longisa, Bomet hiihii. Mashamba mengine yalipoteza mavuno yote. Aliyetegemea mahindi pekee alianza kutafuta unga wa kununua, huku mwenye ng'ombe akiendelea kupata japo lita chache za kuuza.

Kifurushi kina mahali pake, maana njaa ya leo haingoji ndama akue. Lakini karibu kila kijiji kina kikundi kinachochanga tangu Januari ili kuchinja fahali wa Krismasi. Kikundi hicho tayari kina daftari, mweka hazina na watu wanaoaminiana. Mwaka mmoja kati ya mitatu fedha hizo zinaweza kununua mtamba, akapewa familia iliyochaguliwa na majirani wenyewe, kwa sharti la ndama jike wa kwanza. Nyama ya fahali huliwa siku moja. Mtamba atakamuliwa Krismasi kadhaa zijazo, katika nyumba zaidi ya moja.